Tupeane uzoefu: amplifaya ya gari inajizima ukiongeza sauti, wewe ulikuta nini?

kijana_wa_ngambo: Asalaam alaykum wadau. Carry yangu imefungwa amplifaya na sabufa mbili. Sauti ndogo haina neno, nikipandisha tu inawaka taa nyekundu, kimya. Fundi anasema amplifaya mbovu. Nyie yenu ilikuwa nini?

mtu_wa_mkoani: Noah yangu ilifanya hivyo hivyo. Waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari) ulibanwa kwenye bolti ya siti, juu ya rangi! Fundi wa Chake akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akabana upya, akapaka grisi. Tunaokaa pwani tuifungue ile bolti mara kwa mara, maana kutu ya huku haina mswalie Mtume.

daladala_kwerekwe: Mie yangu ilikuwa inalia wiii, ukikanyaga mafuta inapanda, ukiachia inashuka. Altaneta hiyo, ile inayochaji betri. Waya wa RCA, unaoleta muziki kutoka redio hadi amplifaya, tukauhamishia upande wa pili, mbali na waya wa betri, na ethi tukaifupisha. Kwishnei.

fundi_muziki: Yakhe, usirudishe kitu dukani hujapima. Chukua multimita, washa injini, pandisha muziki, upime betri kisha upime pale pale waya unapoingia kwenye amplifaya. Betri ikisoma volti 14 na huku 11, umeme unapotelea njiani. Waya mwingi wa siku hizi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu, ndani mweupe. Juzi nimefungua gari la Bububu, waya mnene kama kidole, kumbe karibu wote plastiki, na ncha zimeshageuka unga mweupe kwa chumvi. Volti zikiwa sawa, chomoa spika zote. Taa ikizima, basi kuna waya wa spika unagusa bati, au omu (kipimo cha ukinzani wa spika) ziko chini: sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba ni omu 2, na amplifaya nyingi zikibrijiwa, yaani chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja, zinataka omu 4 au zaidi. Halafu fyuzi ikae karibu na betri, si kule nyuma. Waya ukichubukia kwenye bati njiani, gari linaungua hilo.

kijana_wa_ngambo: Betri 13.9, kwenye amplifaya 10.8. Nimekwangua waya, mweupe pee! Wa shaba tupu Darajani upo?

fundi_muziki: Upo, ila ukwangue kabla hujalipa.