Nyumba mpya Kigamboni: mjenzi nampimaje kabla sijalipa?

Swali: Wakuu, nyumba imekamilika, rangi bado inanukia. Mjenzi anajenga na kuuza mwenyewe. Nianzie wapi?

Jibu 1: Karatasi kwanza: usajili wake Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Kisha akupeleke kwenye nyumba alizouza zikapigwa na masika mawili. Ongea na wenyewe yeye akiwa hayupo.

Jibu 2: Rangi mpya inaficha mengi, mkuu. Panda darini, kwaruza bloku isiyopigwa plasta kwa msumari. Ikimomonyoka kama biskuti, saruji ilibaniwa wakati wa kufyatua. Ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha: huenda lenta (boriti ya zege juu ya dirisha) ni fupi, au msingi umetitia. Vigae gonga kwa sarafu; vikilia uwazi, huenda vikabanduka.

Jibu 3: Bafu je? Ziba tundu la maji, jaza sentimita 2, acha saa 24, kisha ukague ukuta wa upande wa pili. Mkataba nao uzuie 5% ya bei kwa miezi 6 ya marekebisho. Akigoma kabisa, mie ningetafuta nyingine.

Muuliza swali: Shukrani. Darini naingia na tochi Jumamosi.