Je, mafuta ya mbono yanaweza kuendesha mashine ya kusaga hapa Lubumbashi?

Mwenye Mashine, Katuba:
Ndugu zangu, salamu kwenu. Nina mashine ya kusaga mahindi huku Katuba, na kwa sababu ya delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) nalazimika kuiendesha kwa injini ya mazuti, yaani dizeli, karibu kila siku, saa nane kwa siku, nayo hula lita 2 kwa saa. Juma lililopita mtu alinijia na pendekezo kwamba nipande mbono kwenye hekta 12 nilizorithi upande wa barabara ya Kasenga, ninunue kwake kinu cha kukamulia mbegu, na baada ya miaka miwili nisahau bei ya mazuti. Anasema mmea huo hautaki mbolea wala maji, na kwamba nchi nyingine zimekwisha kuacha petroli kwa ajili ya mafuta ya mimea. Fedha anazotaka ni akiba yangu ya miaka minne. Je, jambo hili linawezekana, au ni biashara ya kuuza vinu tu?

Mkulima wa Kipushi:
Baba, maneno hayo yalizunguka dunia nzima takriban miaka ishirini iliyopita, na waliokuwa na fedha nyingi kuliko sisi walipata hasara. Kampuni ya BP iliingia ubia wa kupanda mbono na D1 Oils mwaka 2007, ikajitoa mwaka 2009. Kwa jirani zetu Watanzania, ambao huuita mbono kaburi, kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe, na kufikia mwaka 2011 kazi ilikuwa imesimama. Ni kweli kwamba mbono huishi katika udongo mbaya na katika kiangazi kirefu kama chetu, lakini kuishi ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine.

Tufanye hesabu. Bila mbolea, ukipata tani 1 ya mbegu kwa hekta umebahatika, na hilo ni kuanzia mwaka wa tatu au wa nne. Mbegu ina mafuta asilimia 30 hadi 35, lakini kinu kidogo hakiyatoi yote, kwa hiyo hekta moja itakupa lita 250 hivi, na shamba lote lita 3,000. Injini yako, ikifanya kazi siku 300, inakunywa lita 4,800. Tena matunda hayaivi pamoja, kwa hiyo utalipa wachumaji wapite mara nyingi, na mashudu yake ni sumu, huwezi kulisha nguruwe. Panda mbono kuwa ua wa shamba, kama wazee walivyofanya. Ndani lima mahindi.

Fundi wa Injini, Kampemba:
Nakubaliana na Mkulima kuhusu shamba, ila tusiseme kwamba injini haiwezi. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na huko Mali wamewahi kusaga nafaka kwa mafuta ya mbono katika injini za Kihindi za mwendo wa polepole. Shida ni uzito wa mafuta: yakiwa baridi ni mazito mara kumi au zaidi kuliko mazuti, hayapulizwi vizuri, na masizi yanaziba pua za injekta. Anayeyatumia mabichi huwasha kwa mazuti, huyapasha moto mafuta yafike nyuzi 70 au 80, kisha hurudi kwenye mazuti kabla ya kuzima. Akisahau jioni moja tu, asubuhi ananiita.

Njia ya pili ni kuyageuza kuwa biodizeli kwa methanoli na soda kali, lakini lita 100 za mafuta zinataka takriban lita 20 za methanoli, ambayo nayo inatoka nje, na ni sumu. Kwa wanaofikiria mawese yatokayo kaskazini, wakumbuke baridi ya mwezi wa sita na wa saba: biodizeli ya mawese huanza kuganda karibu na nyuzi 15, na sisi usiku tunashuka chini ya 10. Chujio litaziba kabla jogoo hajawika.

Mtoto wa Mama Lutuku, komini ya Kenya, Lubumbashi:
Naomba niongeze habari ya pombe, maana mama yangu alinisomesha kwa kuuza lutuku, pombe kali ya kienyeji. Ethanoli tunaitengeneza nyuani tangu zamani, kwa mahindi na mihogo. Lakini aliyewahi kukaa karibu na pipa lile anajua makala (makaa ya miti) yanayoteketea kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, ili chupa moja ijae, na makala yenyewe ni msitu wa miombo uliochomwa katika tanuru la udongo, ambako kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu. Brazili, iliyoanza mpango wake wa ethanoli mwaka 1975, ilifaulu kwa kuwa makapi ya miwa ndiyo yanayowasha kiwanda. Sisi tungechoma mti ili tupate mafuta, kisha tuyaite safi.

Na mahindi? Hata katika kiwanda cha kisasa, kilo 25 hutoa lita 10 hivi za ethanoli, ambazo nguvu yake ni ya lita 6 na nusu za petroli. Katika mji unaosikilizia Kasumbalesa, mpakani, kila Zambia inapozuia mahindi yake, sioni nani atakubali bukari (ugali) ya watoto iingie kwenye tanki.

Mwenye Mashine, Katuba:
Nawashukuru sana, kinu sitanunua. Lakini jirani wa shamba langu ana nguruwe 40, na samadi inamshinda. Je, gesi yake haiwezi kusaga?

Mfugaji, Ruashi:
Inaweza, kwa kiasi. Nguruwe 40 wakubwa watakupa karibu mita za ujazo 6 za gesi kwa siku. Gesi haijiwashi yenyewe ndani ya injini ya mazuti, kwa hiyo mazuti kidogo yanabaki, na gesi inachukua hadi asilimia 70 ya kazi. Kwa mashine kama yako hiyo ni saa mbili hivi za kusaga, au pungufu wakati wa baridi, vijidudu vinavyotengeneza gesi vinapolegea. Ndiyo maana shimo la kuozeshea samadi lijengwe chini ya ardhi. Pitisha gesi kwenye vumbi la chuma lililoshika kutu, la sivyo salfa itakula injini. Ila mashine iko Katuba na nguruwe wako barabara ya Kasenga, na gesi hii haibebeki kwenye bidoni (dumu). Mwanzo ungekuwa kumuuliza jirani kama atakubali mashine ndogo ya pili isimame kwake.