Mzaliwa wa Birmingham asiye na pasipoti: MN1 au T?

Kutoka: Mama wa Wawili, Handsworth. Jumapili, saa 3 usiku

Ndugu wanajumuiya, shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu.

Kijana wangu mkubwa ametimiza miaka 11. Amezaliwa hapa Birmingham, ana cheti kirefu cha kuzaliwa chenye majina yetu sote wawili, na hajaishi mji mwingine isipokuwa Tanga, alikokaa kwa bibi yake miezi saba alipokuwa na miaka mitatu. Juma lililopita ofisi moja imeyarudisha maombi yake ya pasipoti pamoja na barua ya mistari minne, inayosema kwamba cheti hicho kinathibitisha mahali alipozaliwa, lakini hakithibitishi kwamba yeye ni raia. Ada haikurudi. Alipozaliwa mimi nilikuwa na viza ya masomo, na ILR, yaani ruhusa ya kukaa nchini bila kikomo, niliipata yeye akiwa tayari anakwenda shule. Baba yake alikwisha kurudi Tanga.

Barua hiyo imefika juma lile lile ambalo mwalimu amewapa darasa kazi ya kuandika ukurasa mmoja kuhusu mtu mashuhuri mzaliwa wa mji huu. Nimeificha juu ya kabati la vyombo, chini ya sinia. Jana mtoto ameniuliza, "Mama, na mimi si mzaliwa wa hapa?" Nikamjibu kuwa ndiyo, nikaendelea kukuna nazi.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ili asajiliwe kuwa raia, nijaze fomu ya MN1 au ya T? Pili, je, ni lazima baba yake atie saini, na kama ni lazima, inatakiwa saini ya wino au picha iliyotumwa kwa simu inatosha? Na mwenye jina zuri la kumpa mtoto kwa kazi yake ya shule, nitashukuru. Nawasilisha.

Kutoka: Mzee wa Sparkbrook. Jumapili, saa 4 usiku

Marahaba mwanangu, na pole sana. Jaza T, usihangaike. Mtoto aliyezaliwa hapa na kutimiza miaka 10 anaingia moja kwa moja kwenye T, na wala hawatauliza habari za ILR yako. Mjukuu wangu alipita njia hiyo na hatukumwona mwanasheria.

Kuhusu kazi ya shule, mwambie aandike kuhusu Francis Galton, aliyezaliwa hapa hapa Sparkbrook mwaka 1822, binamu yake Charles Darwin. Huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1892 kitabu kizima cha kuonyesha kwamba alama za vidole vya watu wawili hazifanani na kwamba hazibadiliki mtu anapozeeka. Kila mnapoitwa kwenda kubandika vidole kwenye kile kioo cha kijani, fahamuni kwamba shughuli hiyo ina mkono wa jirani yangu. Mimi mwenyewe nilifanya kazi miaka 19 kwenye kiwanda cha kukata bati, na nilipokwenda kutoa vidole mashine ilikataa mara sita, kwa kuwa ncha zimelainika kama sabuni iliyotumika. Binti aliyekuwa akinihudumia alinipaka losheni, akanifuta, akanipaka tena, mwisho akaniuliza kama nina vidole vingine. Nilimjibu kwamba nilikuja nchi hii na hivi hivi kumi.

Kutoka: Karani Mstaafu, Leicester. Jumatatu, saa 1 asubuhi

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Tafadhali tusiwape watu ushauri kwa kuangalia mjukuu mmoja. Fomu T inataka mtoto asiwe nje ya nchi zaidi ya siku 90 katika kila mwaka wa miaka yake 10 ya kwanza. Dada amesema wazi kwamba mtoto alikaa Tanga miezi saba. Maofisa wana hiari ya kusamehe siku zilizozidi, lakini kwa nini aombe msamaha ilhali ana haki? Mama akipata ILR kabla mtoto hajafikisha miaka 18, mtoto aliyezaliwa hapa ana haki ya kusajiliwa kwa MN1, na kwa njia hiyo safari ya Tanga haihesabiwi. Aliyekwisha kutimiza miaka 10 huulizwa pia habari za mwenendo mwema, kwa MN1 na kwa T vilevile, kwa hiyo hapo hakuna nafuu ya upande wowote.

Na kwa kuwa Mzee amemleta Galton, naomba amlete mzima. Ndiye aliyebuni mwaka 1883 neno la Kiingereza la ile elimu ya kuchagua nani azae na nani asizae ili "kuboresha" kizazi cha binadamu. Mtoto wa Handsworth akisimama mbele ya darasa kumsifu bila kulitaja hilo, mwalimu mwenye akili atamtazama mara mbili.

Kwa faida ya wengine, naeleza kwa nini cheti hakitoshi. Hadi mwisho wa mwaka 1982, karibu kila mtoto aliyezaliwa Uingereza alikuwa raia kwa kuzaliwa tu, hata kama wazazi wake walishuka melini juzi. Sheria ya Uraia ya 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, ndiyo iliyobadilisha jambo hilo, na tangu hapo huangaliwa mzazi: awe raia au awe na makazi ya kudumu siku ile mtoto anapozaliwa. Benjamin Zephaniah alizaliwa mji huo huo wa Birmingham mwaka 1958, baba akiwa tarishi kutoka Barbados na mama muuguzi kutoka Jamaika, akakulia Handsworth. Aliacha shule akiwa na miaka 13 bila kujua kusoma vizuri, akawa mshairi wa kusomwa mashuleni, na mwaka 2003 akaikataa nishani ya OBE kwa sababu ya lile neno "himaya" lililomo ndani yake. Hakujaza fomu yoyote ili awe raia. Kilio chake cha kwanza kilitosha. Mtoto wa dada yetu amelia kilio kile kile katika mji ule ule, akiwa amechelewa miaka 31 tu baada ya sheria kubadilika.

Kutoka: Dereva, Erdington. Jumatatu, saa 7 mchana

Poleni kwa kuchelewa, nilikuwa barabarani. Mimi ya fomu siyajui vizuri, ila kwetu tulilipa zaidi ya pauni 1,000 kwa mtoto mmoja, na nina watatu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliitazama ada hiyo, wakati huo pauni 1,012, ikaona kwamba waliokuwa wakiipanga hawakuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Tangu 2022 kuna utaratibu wa kuomba usamehewe ada kama huna uwezo, kwa hiyo dada auangalie kabla ya kukopa.

Kwa mtu mashuhuri ningemshauri Ozzy Osbourne, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1948 akakulia Aston. Muziki wenyewe siuelewi. Masikioni mwangu ni kama geti la bati linaloburutwa. Lakini Julai 2025 alipofariki niliona kwa macho yangu jinsi mji huu unavyomzika mtu wake. Basi langu lilizuiwa kufika Broad Street, na abiria wangu mmoja, mwanamume wa makamo mwenye mikono yote miwili imechorwa, alikuwa akilia bila kujificha. Siku 17 kabla ya kifo, marehemu alikuwa ameimba uwanja wa mpira wa Villa Park akiwa amekaa kwenye kiti kikubwa cheusi, kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi tena. Au kama kijana anapenda mpira, aandike kuhusu Jude Bellingham, ambaye ni wa hapa hapa.

Kutoka: Mzee wa Sparkbrook. Jumatatu, saa 8 mchana

Bellingham si wa hapa hapa. Amezaliwa Stourbridge, na ukimwambia mtu wa Stourbridge kwamba yeye ni wa Birmingham utaona rangi yake. Aliichezea Birmingham City hadi 2020, basi. Wanaotusahihisha sisi wazee habari za siku 90 wawasahihishe na madereva.

Ila umenikumbusha Tony Iommi, mpiga gita wa kundi lile lile la Ozzy, ambaye ni mzaliwa wa mji huu, 1948. Alikuwa kijana wa miaka 17 kwenye kiwanda cha mabati, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni mpiga gita wa kushoto, kwa hiyo ni mkono ule ule unaobana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya ncha za vidole, akavivika ngozi, akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na ule mlio mzito uliowatia watu wazimu ukapata nguvu hapo. Mimi huyo namwelewa. Sijui tu mashine ya alama za vidole ingemwambia nini.

Kutoka: Mrundi wa Newtown. Jumatatu, saa 2 usiku

Amahoro kwenu nyote. Mnanichekesha mnavyogombania nani kazaliwa wapi. Kwenye majengo yetu ya Newtown alikulia Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1993, akampoteza baba yake wakati wa vita, akaletwa hapa akiwa na miaka 10 kumfuata mama yake. Akaingia West Bromwich Albion tangu utotoni, akaichezea Uingereza timu ya vijana walio chini ya miaka 21, hata akaitwa timu ya wakubwa mwaka 2014 bila kupewa nafasi ya kucheza. Mwisho akachagua Burundi, na mwaka 2019 alikuwa nahodha wetu kule Misri, mara ya kwanza nchi yetu kufika fainali za Mataifa ya Afrika. Tuliangalia kwenye sebule moja watu 23, kuna aliyekalia ndoo. Tulifungwa mechi zote tatu, na hakuna aliyeondoka mapema.

Mwalimu hawezi kumkubali kwa kuwa si mzaliwa wa hapa, najua. Lakini Tolkien, yule mwandishi wa hadithi wanayemwekea vibao Sarehole hapa mjini, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, na akaja akiwa mtoto wa miaka mitatu. Yeye ni wa Birmingham, na Saido ni "mwenye asili ya Burundi".

Kutoka: Binti Mvita, mtaa wa masonara. Jumanne, saa 12 jioni

Mimi nafungua duka kila siku mbele ya ile saa ya chuma ya kijani iliyopo njia panda ya mtaa wetu wa masonara, imesimama hapo tangu 1903 kwa heshima ya Joseph Chamberlain. Watu humdhania kuwa mzaliwa wa Birmingham kuliko wote. Alizaliwa London mwaka 1836, akaletwa huku akiwa na miaka 18 kusimamia biashara ya familia ya skrubu, akawa meya, akaleta gesi na maji chini ya manispaa. Safari iliyojengewa saa ile ni ya Afrika Kusini, na alipokuwa njiani Desemba 1902 alishuka kwetu Mombasa akapanda gari moshi la Uganda. Mwaka uliofuata, akiwa waziri wa makoloni, ndipo likatoka lile wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi nyanda za Uasin Gishu, kana kwamba hazina wenyewe. Mwana wake Neville, waziri mkuu aliyekwenda Munich mwaka 1938 kupatana na Hitler, ndiye mzaliwa halisi, wa Edgbaston, 1869.

Na kwa kuwa mmetaja sheria, msimsahau mzaliwa mwingine. Enoch Powell, mwanasiasa, alizaliwa Stechford hapa mjini mwaka 1912. Machi 1968 bunge la hapa lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza mkononi, eti mpaka mzazi au babu awe na asili ya visiwa hivi. Majirani zetu wa Mombasa walikuwa wameshafunga masanduku. Powell hakuona kwamba hiyo inatosha; tarehe 20 Aprili akasimama katika hoteli moja hapa New Street akatoa ile hotuba yake juu ya wageni, na kesho yake kiongozi wa chama chake akamwondoa kwenye safu ya mbele ya wasemaji wa chama bungeni. Cheti chake cha kuzaliwa na cha huyo kijana wa Handsworth vimeandikwa jina la mji mmoja. Mimi nikiwa mwalimu ningewapa watoto wote wamwandike Powell na Zephaniah kwenye ukurasa mmoja.

Kutoka: Karani Mstaafu, Leicester. Jumanne, saa 1 usiku

Wakenya mna raha ya kuzungumza, katiba yenu ya 2010 imewapa uraia pacha. Huyu mtoto ana mzazi Mtanzania. Akisajiliwa hapa, akifika miaka 18 itabidi mama yake amweleze mambo mengine mapya, kwa maana kwetu mtu mzima hashiki pasipoti mbili.

Kutoka: Binti Mvita, mtaa wa masonara. Jumanne, saa 1:20 usiku

Sikuitunga mimi, kaka.

Kutoka: Mama wa Wawili, Handsworth. Jumatano, saa 4 usiku

Nawashukuru nyote. Nimeipakua MN1, na Mzee wangu wa Sparkbrook asinune, T nimeiweka kando kwa ajili ya mdogo wake, ambaye Tanga hajawahi kuiona.

Kijana nilimsomea majina yenu yote wakati nachambua mchele. Powell alimfanya aache kula. Ozzy alimjua kuliko mimi. Mwisho amemchagua Alexander Parkes, ambaye hakutajwa na yeyote humu, mzaliwa wa mji huu mwaka 1813, aliyepeleka kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1862 kitu alichokiita kwa jina lake mwenyewe, plastiki ya mwanzo kabisa. Habari ya Iommi na ile chupa ya sabuni ndiyo iliyompeleka huko, kisha akanikumbusha ndoo nyekundu ya bibi yake, ile yenye mpini wa kamba, aliyokuwa akiogeshewa uani na kupigiwa ngoma. Ameichora juu ya ukurasa, kubwa kuliko Parkes mwenyewe. Barua bado iko chini ya sinia.

Naomba tu kuuliza tena, kwa kuwa nadhani swali limepotea katikati: ile saini ya baba yake aliye Tanga, ni lazima iwe ya wino?

Kutoka: Dereva, Erdington. Jumatano, saa 4:15 usiku

Villa na Birmingham City wakikutana tena, ndoo hiyo mtaitafuta.