Miaka ya deni la rubani wa jeshi ihesabiwe kuanzia lini?

Mleta mada: Wakuu, sheria ya Marekani inamtaka rubani wa jeti za kijeshi atumikie si chini ya miaka 8 baada ya kufuzu, na wa helikopta au ndege nyingine miaka 6. Hilo ndilo deni lake kwa jeshi. Jeshi lao la anga linadai 10. Jeshi la nchi kavu nalo lilipanda kutoka 6 hadi 10 mwaka 2020. Kwa wingi wa miaka sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba inaanza kuhesabiwa baada ya mafunzo ya urubani kuisha.

Chukua ofisa aliyepata kamisheni akiwa na miaka 22. Kwanza anasubiri nafasi shuleni. Mafunzo ya awali ni kama mwaka mmoja mambo yakienda sawa, na mara nyingi hayaendi: mawingu yamefunga, ndege imelala ikisubiri vipuri, wakufunzi hawatoshi. Muda wote huo amevaa sare, yuko chini ya amri, anapangiwa kazi za ofisini, na kwenye deni lake hakuna hata siku moja iliyopungua. Uingereza ndiyo kabisa. Mwaka 2019 wakaguzi wa hesabu za serikali walikuta rubani wa ndege za kivita anachukua wastani wa miaka 7 hivi kuiva, wakati ilitakiwa isifike 4. Uzembe wa mwingine, ujana wa kijana ndio unalipa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, bei umeiona? RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2019 ilikadiria kumfundisha rubani wa ndege ya kivita F-16 ni dola milioni 5.6, wa F-22 milioni 10.9. Na akivishwa mabawa, ile beji ya kufuzu urubani, bado hajui kupigana. Anaenda kujifunza ndege yake, akifika kikosini anaruka nyuma ya wenzake muda mrefu kabla ya kuaminiwa kuongoza. Ina maana hata ndani ya hiyo 10, ya mwanzo bado anasoma. Ukianza kuhesabu mapema, jeshi litamfaidi lini? Tena mashirika ya abiria yanamsubiri mlangoni: raia anatakiwa awe na saa 1,500 angani, aliyetoka jeshini anaweza kuingia na 750.

Mchangiaji wa pili: Alisaini mwenyewe, hakulazimishwa. Mada ifungwe.

Mchangiaji wa tatu: Wewe wa "alisaini mwenyewe", soma yaliyotokea jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2023. Marubani zaidi ya 600 waliambiwa bado wanadaiwa miaka 3. Walipokuwa makadeti waliahidi miaka hiyo ya ziada ili wapangiwe urubani, na waliachwa waamini inakwenda sambamba na deni la mafunzo. Baadaye jeshi likasema hapana, inafuata baada yake, huko nyuma tulihesabu vibaya. Walioomba kuondoka wakaambiwa bado. Wote hao walisaini.

Mleta mada: Wa kwanza, hoja ya gharama naikubali, kwa hiyo napunguza dai. Miezi ya darasani na angani isihesabiwe, sawa. Ila miezi aliyokaa bure kwa sababu ya jeshi lenyewe ikatwe kwenye 10. Aliyefeli hatua akarudia, hiyo ni yake. Sasa hivi foleni ikirefuka jeshi halipotezi kitu, miaka yake 10 iko palepale, basi nani atakuwa na haraka ya kuifupisha?

Mchangiaji wa kwanza: Na nani atathibitisha sababu? Mwanafunzi aliyekaa muda mrefu bila kuruka anasahau, akirudi anafeli. Hapo utaandika kosa la jeshi au lake? Na vipuri vikikosekana kwa kuwa Bunge limechelewesha bajeti?

Mleta mada: Vipuri, jeshi. Bajeti, jeshi pia, maana kijana hapigi kura bungeni. Huyo aliyesahau akafeli ndiye sina jibu lake bado, wengine mseme.