Kiwiko ni pale mkono unapokunjika, au pale saa inapovaliwa?

Kalamu_Mbichi: Wakuu, habari zenu. Naandaa kipeperushi cha kumwelekeza mtu kujipima presha nyumbani. Nimeandika "funga mkanda juu ya kiwiko cha mkono". Mhakiki kairudisha, anadai kiwiko ni pale saa inapovaliwa. Mimi najua ni pale mkono unapokunjika. Nani yuko sahihi, na niandikeje mtu asikosee?

Mzee wa Ngeli: Mhakiki wako hajatunga. Kamusi za zamani zinakipa kiwiko maana ya kiungo cha kiganja, na "kiwiko cha mguu" ni kiungo cha wayo. Kiungo cha katikati ya mkono kilikuwa na majina yake: kisugudi, kivi, kiko cha mkono. Hayo yamefifia. Ukiandika "kiko" peke yake leo, msomaji anafikiria kifaa cha kuvutia tumbaku. Pengo hilo kiwiko ndicho kimeliziba: mchezaji akimpiga mwenzake kiwiko, hakuna anayedhani kampiga na kiganja, na wakati wa korona watu waliambiwa wakohoe kwenye kiwiko wakaelewa. Kwa msomaji wa leo uko sahihi wewe. Ila hilo "cha mkono" liondoe, ndilo linalomrudisha mwenye kamusi ya zamani kwenye maana yake.

Fundo Moja: Naongezea asili ya kifundo, neno la leo la pale saa inapovaliwa, maana hilo halina fumbo: ni fundo lililotiwa ki- ya udogo. Gusa upande wa nje wa mkono, upande wa kidole kidogo, pale kigasha (mkono wa chini) kinapokutana na kiganja. Utakuta kinundu cha mfupa kama fundo la kamba. Mguuni viko viwili, kimoja kila upande, wengine huviita macho ya mguu. Kwa hiyo kifundo lazima kitajiwe mwenyewe: cha mkono au cha mguu. Na wapo wanaoeleza udhu kwa kuandika "mikono hadi vifundoni" wakiwa na maana ya viwiko, kwa hiyo usidhani kifundo nacho kinajitosheleza.

Dada Zamu: Hapa kosa la neno linageuka kosa la kipimo. Mkanda wa kawaida hufungwa sehemu ya juu ya mkono, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Anayeelewa kiwiko kuwa kifundo ataufunga kwenye kigasha. Mkanda umetengenezwa kwa ajili ya mshipa wa mkono wa juu, na kigasha kikining'inia chini ya usawa wa moyo namba hupanda bila ugonjwa wowote. Andika pia mkono uegemezwe mezani, mkanda uwe usawa wa moyo. Mapigo ya moyo ndiyo yanayohesabiwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usivichanganye kwenye aya moja.

Kalamu_Mbichi: Asanteni. Vipi nikiandika "kati ya bega na kiwiko, sentimita 2 hadi 3 juu ya mahali mkono unapokunjika"?

Mzee wa Ngeli: Hiyo safi. Hata anayeshikilia maana ya zamani hawezi kuteleza, kwa sababu umetaja mahali mkono unapokunjika.

Dada Zamu: Labda "unapokunjika katikati". Mkono hukunjika hata kwenye kifundo.

Mzee wa Ngeli: Kweli, hapo umenikamata. Weka "katikati". Na kwenye ukurasa wa pili umeandika nini kuhusu mikono yote miwili?

Kalamu_Mbichi: "Linganisha kiwiko zote mbili."

Mzee wa Ngeli: Viwiko vyote viwili. Halafu hulinganishi viwiko, unalinganisha vipimo vya mikono miwili.