Tumelipia bakapu miaka minne, seva ikafa, imetuchukua siku tisa kuirudisha kwenye mashine nyingine

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa bado ofisini, Moshi mjini, na hasira niliyo nayo nimeshindwa kulala nayo. Mimi ni mhasibu wa SACCOS. Wanachama wetu ni wakulima wa kahawa na ndizi, mama wa sokoni, walimu wastaafu na vijana wa bodaboda. Sitaitaja kampuni iliyotuuzia mfumo wa kompyuta wa akiba na mikopo, kwa sababu bodi yetu bado inaongea nayo kwa barua. Ila kilichotupata nitakisema chote, kwa kuwa najua ofisi ndogo kama yetu zimejaa mji huu na Arusha, na nyingi zinalipia huduma ileile kwa maneno yaleyale.

Jumatatu ya wiki ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Betri za UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, zilikuwa zimechoka na sisi tuliahirisha kuzibadilisha, hilo nalikubali. Seva, yaani kompyuta kuu inayobeba mfumo wote, haikuwaka tena. Diski yake ikawa inagonga ndani kama saa mbovu, kisha ikanyamaza.

Kila mwenyeji wa Kilimanjaro anajua Desemba ni mwezi gani. Watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, wanakuja kuona wazazi, kuchinja na kulipa mahari. Akiba ya mwaka mzima inatolewa ndani ya wiki tatu. Na asiyetoa akiba anaomba mkopo wa ada ya Januari. Ndio mwezi ambao kaunta yetu haifungwi kabla ya saa kumi na moja.

Nilipiga simu kwenye kampuni nikiwa nimetulia kabisa. Kwa nini nisitulie? Mkataba wa huduma tunalipa kila mwaka, na ndani yake kuna kipengele cha bakapu, yaani nakala ya akiba. Kila usiku saa nane databesi, yaani hifadhi ya hesabu zetu zote, inajinakili yenyewe. Kila mwaka wanatuletea ripoti yenye mhuri: bakapu zimehakikiwa. Nikamwambia fundi wao, seva imekufa, tuna mashine nyingine, tuelekezeni. Akauliza, "Bakapu ziko wapi?" Mimi ndiye nilipaswa kumuuliza yeye.

Zilikuwa draivu D. Na draivu D yenyewe ilikuwa ndani ya diski ileile iliyokufa. Walichukua diski moja wakaikata vipande vitatu, wakaviita C, D na E, halafu wakatuambia kumbukumbu zetu ziko mahali tofauti. Miaka minne.

Kilichotuokoa ni karani wetu wa masjala. Alikuwa na tabia, ambayo hakuna aliyemwagiza, ya kunakili faili la mwisho kwenye diski ya nje kila Ijumaa jioni na kulifungia kwenye kabati la vocha. Faili la usiku wa kuamkia Ijumaa lilikuwepo. Kazi ya Ijumaa mchana, Jumamosi na asubuhi ya Jumatatu haikuwepo. Nikasema sawa, hayo tutayaandika upya kutoka kwenye stakabadhi. Nilidhani shida imeisha, kumbe ndiyo imeanza.

Jioni ileile tulikwenda tawi letu la Himo, ambako kuna seva ndogo tuliyoihamishia huko zamani. Tukaweka faili, ikakataa. Ujumbe ulisema faili limetengenezwa na toleo la 15 na mashine hii ina toleo la 13. Kwa lugha ya dukani, seva ya Moshi ilikuwa na SQL Server 2019, programu inayoendesha databesi, na ya Himo ina 2016. Bakapu ya SQL Server inapanda kwenda toleo jipya, haishuki kwenda la zamani. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala kitu cha kubadilisha. Aliyeweka 2019 Moshi na kuiacha 2016 Himo ni fundi wa kampuni hiyohiyo, na kwenye karatasi zao Himo imeandikwa kuwa ni "seva ya dharura". Dharura gani hiyo, kama haiwezi kupokea hata faili moja kutoka makao makuu?

Jumanne kijana mmoja wa Majengo anayetengeneza kompyuta alinisaidia kushusha SQL Server 2019 Express, ile ya bure. Toleo sasa ni lilelile. Ikakataa tena. Express ya 2019 ina kikomo cha gigabaiti 10 kwa databesi moja, na yetu ina 14. Akiba na mikopo ni tarakimu tu, haziwezi kufika huko. Kilichojaza ni picha za wanachama na sahihi zao zilizoskaniwa, zote zimesukumwa ndani ya databesi badala ya kukaa kwenye folda. Nilipompigia fundi aliniambia, "Dada, wekeni Developer, ni bure na haina kikomo." Kijana wa Majengo ndiye aliyenizuia. Developer ni aina nyingine ya SQL Server, na leseni yake ni ya kutengenezea na kujaribia programu, hairuhusiwi kuendeshea kazi halisi. Yaani kampuni tunayoilipa inatuambia tuweke pesa za watu kwenye programu isiyo na ruhusa ya kazi hiyo, halafu mkaguzi akija nijibu mimi.

Tukasema basi, tumieni leseni yetu ya SQL Server Standard, ile tuliyonunua na kulipia. Hapo ndipo nilipojua imeandikwa kwa jina la kampuni. Risiti ya malipo ninayo, pesa zilitoka akaunti yetu, ila ufunguo wa leseni wanao wao. Kuupata kulichukua Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Siku tatu za Desemba kusubiri herufi na tarakimu 25.

Katika siku hizo tatu alikuja mzee kutoka Uru. Mkewe alikuwa amefariki na alihitaji akiba yake kwa mazishi. Nikamweleza kwamba mfumo umekufa, tunampa kiasi kidogo cha dharura kwa idhini ya meneja, mengine asubiri. Akaweka kitabu chake mezani, akakifungua ukurasa wa mwisho na kuweka kidole juu ya salio. Akasema, "Mwanangu, kitabu ni changu, mhuri ni wenu. Mnasubiri nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sina mpaka leo. Bodi ilikaa usiku ule ikaamua misiba na hospitali vilipwe kwa vitabu.

Ijumaa usiku tukaweka Standard kwenye mashine mpya, tukajaribu faili, ikalalamika haioni draivu E. Hili ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote, na lilitugharimu saa nne kwa sababu hakuna karatasi iliyolieleza. Bakapu inakumbuka mafaili yake yalikaa wapi kwenye seva ya zamani, na inataka kuyaweka palepale. Mashine mpya haina E. Unaanza na amri ya RESTORE FILELISTONLY ikuoneshe majina ya mafaili yaliyomo, kisha unarejesha kwa kuongeza WITH MOVE na kuielekeza kila faili likae wapi. Mistari mitatu. Ingekuwa imeandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, tungelala mapema.

Jumamosi alfajiri databesi ikafunguka. Tulishangilia. Nikaona jina la kila mwanachama, kila mkopo, kila mdhamini. Nikafungua programu ya kaunta kwa furaha, na programu ikasema haina ruhusa ya kuingia.

Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi watanaswa. Databesi ukiihamisha, watumiaji waliomo ndani yake wanakuja nayo. Lakini mlango wa kuingilia seva, yaani jina la kuingia na paswedi yake, haukai ndani ya databesi yako. Unakaa kwenye databesi nyingine ya seva yenyewe, inaitwa master. Ukihamia seva mpya bila hiyo, una wapangaji wenye majina ila hakuna aliye na funguo. Kuwaunganisha upya ni amri fupi ya ALTER USER, kama unajua paswedi ambayo programu inaitumia. Sisi hatukuijua. Iko ndani ya programu, imefichwa, na aliyeificha ni kampuni. Na master haikuwahi kuchukuliwa bakapu hata siku moja tangu mfumo ufungwe.

Nikapiga simu. Wakaniambia hiyo ni kazi ya "uhamishaji wa seva", haimo kwenye mkataba, na bei yake ni shilingi milioni moja na laki nane, nusu ilipwe kwanza. Niliuliza mara mbili nikidhani nimesikia vibaya. Kwa hiyo mkataba ulikuwa unalipia kutengeneza bakapu, na kuirudisha ni biashara nyingine? Umenunua tangi la maji, unaambiwa bomba la kutolea maji linauzwa kivyake, tena unaambiwa nyumba ikiwa inaungua.

Na wakati tunabishana, fundi mwingine akanitumia ujumbe kwamba nimrushie faili lote kwa kiungo cha intaneti kwenye barua pepe yake binafsi, "atalicheki nyumbani". Faili hilo lina picha, sahihi, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwa sheria hiyo sisi ndio tunaobeba dhamana ya taarifa hizo. Nilikataa. Akaniambia ninachelewesha kazi.

Tulilipa nusu. Jumanne wakaingia kwa mbali, na kazi yao ilichukua dakika 20. Hapo ndipo siku tisa zilipotimia.

Mngedhani imeisha. Jana mjumbe wa kamati ya mikopo ananiuliza mbona riba haijaongezeka kwenye mikopo yote. Nikaangalia, kweli, tangu turudi haijasogea. Kazi za usiku, yaani kupiga riba, kutuma meseji za makato, hata kuchukua bakapu yenyewe, hazikai ndani ya databesi yetu. Zinakaa kwenye databesi nyingine ya seva, msdb. Nayo ilikufa na diski. Kwa hiyo tangu Jumanne tumefanya kazi bila bakapu hata moja, na waliotufungulia mfumo kwa pesa hawakuliona hilo wala kulisema.

NYONGEZA, saa nne na nusu usiku. Nimesoma majibu yenu, asanteni.

Mkuu aliyesema tuhamie MySQL, programu nyingine ya databesi, tuepuke haya yote, kijana wa Majengo ananiambia mtego upo na huko. Faili la MySQL 8.0 ukilipeleka 5.7 linakwama kwa sababu mpangilio wa herufi uitwao utf8mb4_0900_ai_ci haujulikani kule. Na PostgreSQL, nayo programu ya databesi, amri yake ya bakapu iitwayo pg_dump inachukua databesi, haichukui majina ya watumiaji wa seva, hayo yanataka amri nyingine, pg_dumpall. Kwa hiyo sibishani juu ya chapa.

Aliyeandika kwamba haya ni mambo ya kawaida, yanatokea hata kwa wakubwa: ni kweli yanatokea. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni kubwa inayohudumia watengeneza programu mtandaoni, walifuta databesi yao ya kazi kwa bahati mbaya, na walipokimbilia bakapu wakakuta pg_dump ilikuwa inashindwa kimyakimya, kwa sababu ilikuwa ya toleo la 9.2 na databesi ni ya 9.6. Waliokolewa na nakala iliyokuwa na umri wa saa sita. Lakini waliandika kila kitu hadharani, kosa kwa kosa, ndiyo maana mimi mhasibu wa Moshi ninalijua leo. Kampuni yetu imetuandikia barua ya mistari mitano kusema tatizo lilikuwa umeme.

Na ile ripoti ya "bakapu zimehakikiwa" nimeuliza imehakikiwaje. Wameendesha amri ya RESTORE VERIFYONLY. Amri hiyo inaangalia hasa kama faili limekamilika na linasomeka. Haiwezi kukuambia kama Himo italipokea, wala kama programu itaingia. Hilo linajulikana kwa kulirejesha kwenye mashine nyingine na kumweka mtu wa kaunta atoe risiti moja ya majaribio. Kwa miaka minne haikufanyika hata mara moja, na kila mwaka mhuri uligongwa.

Kwa barua ya kesho bodi inadai haya: leseni iandikwe jina letu, paswedi zote zikabidhiwe kwa bahasha iliyofungwa na kuwekwa sefu, master na msdb ziingie kwenye bakapu ya kila usiku, Himo ipandishwe toleo kwa gharama yao, na kila miezi mitatu waje wafanye urejeshaji Himo mbele yetu, tukiwa tumekaa hapo tunaangalia. Laki tisa zetu zirudi. Mwenye uzoefu wa kuandika kipengele kama hicho kwenye mkataba aniwekee hapa maneno yake, nitayapeleka asubuhi.

Zimebaki siku chache Krismasi. Ile kazi ya Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu tumeiingiza kwa mkono kutoka kwenye nakala za vitabu vya stakabadhi, watu watatu, mpaka usiku. Zimebaki 41. Hizi ni zile ambazo karatasi ya kaboni haikushika vizuri, namba ya mwanachama haisomeki. Ziko hapa mezani mbele yangu. Kila moja ni pesa mtu aliyoleta kwa mkono wake akaondoka akiamini imeandikwa.