Mtoto wangu wa P4 (darasa la nne), nimtoe shule ya serikali nimpeleke praivati?

mama_sokoni
Habari zenu ndugu zangu. Niko Busia upande wa Uganda, nauza nguo sokoni, binti yangu yuko P4 shule ya serikali karibu na nyumbani. Wenzangu wote hapa sokoni wameshahamisha watoto, asubuhi gari inakuja kuwachukua, wangu anaenda kwa miguu na watoto wa majirani. Wananiambia naharibu maisha ya mtoto, eti UPE, hii elimu ya msingi ya bure ya serikali, ni ya watu wasio na kitu. Fizi (ada) ya praivati naweza kusukuma kwa shida. Lakini huko aliko anakaa deski moja na mtoto wa askari na mtoto wa mama mandazi, tena kuna kijana kiziwi nyumba ya nyuma, binti yangu ameshajua kuongea naye kwa mikono, mimi mwenyewe namtuma yeye nikitaka kumwambia kitu. Nifanyeje?

baba_wawili
Hamisha dada. PLE, mtihani wa kumaliza praimari, inafanywa kwa Kiingereza, halafu vijijini tangu 2007 P1 mpaka P3 wanafundishwa kwa lugha ya nyumbani, watashindana vipi na wa praivati ambaye ameanza Kiingereza nasari? Mtoto hana kazi ya kutengeneza shule, kazi yake ni kusoma.

mwalimu_tororo
Mimi nafundisha P2 shule ya serikali na sikudanganyi, darasani wamepita mia, wa nyuma wanaandikia kwenye magoti. UPE ilipoanza 1997 watoto walitoka kama milioni 3 wakafika zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, madarasa na walimu hawakuongezeka kwa mwendo huo. Chakula nacho, sheria ya elimu ya 2008 imemwachia mzazi, ambaye hana cha kuchanga mtoto wake anashinda njaa, na mtoto mwenye njaa saa nane mchana hashiki kitu hata ufundishe namna gani.

Lakini tazameni nani amebaki. Mwenye duka, diwani, walimu wenzangu wengi, wote watoto wao wako praivati. Mkutano wa wazazi wanakuja nyanya wanaolea wajukuu, hawawezi kubishana na hedimasta. Choo cha wasichana kikijaa nani atapiga kelele? Hapo ndipo shule zetu zilipofia, wenye sauti waliondoka nayo.

Baba wawili, mtoto akijua kusoma kwanza kwa lugha anayoielewa Kiingereza kinakuja, tatizo ni vitabu vya hizo lugha havifiki.

kijana_jinja
Kinachoniuma ni hiki, hao hao wanaokimbia serikali praimari, wakifika S1 (kidato cha kwanza) wanapigania sekondari kubwa, Namilyango, Gayaza, Budo. Hizo zilianzishwa na wamisionari 1902, 1905 na 1906 lakini leo zinasaidiwa na serikali, mishahara ya walimu inatoka hazina. Nafasi zinakwenda kwa wenye agrigeti 4, yaani alama ya juu kabisa ya PLE, na wengi wao walinolewa praivati tangu wadogo. Wa kijijini anaishia shule ya kutwa ya USE (sekondari ya bure ya serikali) au anabaki nyumbani, na mama mandazi kila akinunua sukari analipa kodi ya kusomesha mtoto wa tajiri!

Halafu corona tumesahau? Shule zilifungwa Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, praivati ya mtaani kwetu haikufunguka tena, ikawa gesti. Watoto walipokelewa wapi? Serikali.

baba_wawili
Hiyo ya Budo ni kweli, hata mimi nawapangia wangu huko. Ila bado mia kwa darasa moja siwezi.

mama_sokoni
Asanteni. Namwacha mpaka mwisho wa mwaka, hela ya fizi nitamlipia chakula na mwalimu wa kumsaidia jioni. Mkutano wa wazazi ni Ijumaa, naenda. Mwalimu, nianze kuuliza nini?

mwalimu_tororo
Omba kuona karatasi ya pesa za UPE, shule inatakiwa kuibandika mahali wazazi wanaweza kusoma, imeingia ngapi imefanya nini. Ya choo peleka kwa kamati ya shule, na iandikwe kwenye daftari la mkutano kabla hamjatoka. Uende na wenzako wawili watatu, ukiwa peke yako watakuzungusha.